Hotuba Iliyosomwa Mara Tatu

Bweni la Pili, Shule ya Wasichana
2 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya huko haijakushinda. Sisi huku hatujambo. Mguu wa Bibi umepungua uvimbe, ila ulimi wake haujapungua kitu. Siku ya wazazi alikuja kunitazama akamwambia matroni kuwa bweni letu limepakwa rangi kama bibi harusi wa tatu. Baba naye mzima, na muhula huu namwona karibu kila siku kwa sababu amepewa kazi ya umeme hapa hapa shuleni.

Hiyo kazi ina kisa chake. Tumejengewa ukumbi na Mfadhili. Hapa hakuna anayeitaja nchi ile kwa jina. Mkuu wa shule husema "Mfadhili" huku akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Ukumbi una viti mia nne na soketi thelathini, na katika soketi zote thelathini plagi zetu haziingii. Baba ameletwa azing'oe aweke nyingine. Alipouliza kwa nini hawakuuliza kabla, msimamizi wa ujenzi akamjibu kuwa baada ya miaka kumi dunia nzima itatumia hizo za Mfadhili. Baba akasema, "Basi niamshe miaka kumi ikifika," akaendelea kung'oa.

Tumeletewa na ramani mpya ya dunia. Katika ile ya zamani mataifa makubwa ya zamani yalikuwa katikati na sisi tuko chini yao. Katika hii Mfadhili ndiye yuko katikati, nasi tumehamia ukingoni, na kipande chetu kimoja kimeliwa na fremu. Mwalimu wa jiografia aliitazama, kisha akasema, "Tumesogezwa, wanangu. Andikeni tarehe."

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tano mgeni rasmi kutoka kwa Mfadhili atakuja kufungua ukumbi, na mimi nimechaguliwa kusoma risala. Msoma risala ndiye wa kwanza katika orodha ya watakaopelekwa kwao kusoma ukalimani, miaka mitano. Shangazi, unajua kuwa tangu darasa la nne nataka kukaa kwenye kibanda cha wakalimani kama wewe. Hapa nchini hakuna chuo cha kazi hiyo. Nikiikosa nafasi hii nitasoma chochote kitakachobaki.

Risala imeletwa ikiwa imeshaandikwa. Nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Nakuomba uipitie, unisahihishie palipolegea. Pia mwalimu ametuambia kuwa huko kwenye Baraza la mataifa unakofanya kazi mambo ya dunia yanabadilika mbele ya macho yenu. Ni kweli?

Binti wa kaka yako.


1 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imetembea siku ishirini na tatu. Hata kobe angeona haya. Mimi mzima. Jirani wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, na anajifunza wimbo mmoja. Mpe Bibi salamu, mwambie dawa ya mguu ni kuacha kuutumia kukagua nyumba za watu. Baba yako mwambie asipande ngazi ya mbao iliyooza kwa sababu tu ni ya babu.

Unauliza kama dunia inabadilika. Nikuchoree ukumbi wetu uamue mwenyewe. Mbele kabisa kuna safu ya viti saba vya ngozi. Miaka kumi na tisa niliyofanya kazi hapa vimekaliwa na mataifa yale yale saba, sisi tunawaita Wazee, na kila Mzee ana haki ya kusema hapana, na hapana yake ikawa hapana ya dunia nzima. Nyuma yao ni sisi wengine, kwenye viti vya kitambaa. Sasa Mfadhili ameshiba kuliko Wazee watano kati ya hao saba, na amechoka kukaa kwenye kitambaa. Ameleta azimio kwamba safu ya mbele igawanywe upya, mchangiaji mkubwa akae mbele. Ameliita Azimio la Usawa. Wazee wanasema azimio hilo linatishia utaratibu wa dunia. Utaratibu wenyewe ni makalio yao.

Hakuna aliyependekeza viti vyote viwe vya aina moja. Hata wa kitambaa hawakupendekeza. Kila mmoja anaota ngozi. Wala usiniandikie ile methali ya tembo na nyasi. Kila balozi mnyonge huisema hapa akidhani ni wa kwanza, na sisi kibandani tafsiri yake tunayo mfukoni kama leso.

Risala yako nimeiona. Haina kosa.

Nimepumzika kidogo siku hizi, koo linanisumbua. Hujaniambia baba yako anaonaje hiyo safari ya miaka mitano.

Shangazi yako.


28 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi amesema usiufundishe mguu wake kazi. Mchumba wa binti wa mama mdogo amerudi tena kuomba msamaha, mara ya tatu hii, na safari hii amekuja na kaka yake mkubwa wa kumshuhudia. Baba amefikisha soketi ya ishirini na mbili.

Nilikuandikia kurasa mbili za risala nikajibiwa sentensi mbili. Hiyo si kawaida yako. Insha yangu ya mwaka jana uliirudisha ikiwa na wino mwekundu mpaka nikadhani umejikata.

Halafu Baba alipiga simu kazini kwako juzi kukusalimia, akaambiwa hujaingia kibandani tangu katikati ya Februari. Hakuniambia mimi, alimwambia Bibi, na Bibi hajui kunong'ona. Bibi akasema, "Koo? Koo la nani? Huyo alipokuwa mchanga alilia miezi minane mfululizo na koo halikuguna." Tafadhali niambie. Nina miaka kumi na saba, si mtoto wa kufichwa sukari.

Huku mazoezi yameanza. Mkuu wa shule ameandika kwa penseli pembeni mwa risala mahali pa kutabasamu. Kuna tabasamu saba. Kwenye neno "unyenyekevu" natakiwa nimtazame mgeni machoni huku nikihesabu hadi tatu. Rafiki yangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, ndiye msomaji wa akiba, naye anatabasamu vizuri kuliko mimi. Jana mkuu alinikemea, "Wewe unasoma kama mtu anayesoma." Nilitaka kumuuliza kuna namna gani nyingine, nikaanza upya aya ya kwanza.

Kama unaona risala hii ni mbaya, sema. Nitaisoma tu, kwa sababu nafasi naitaka, lakini sema.

Binti wa kaka yako.


19 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mwambie Bibi kwamba kweli, koo ni zima. Mwambie baba yako kwamba mtu akitaka kujua habari zangu aniulize mimi, si mpokea simu. Huyo mchumba mwenye shahidi mwambieni arudi na shahidi asiye ndugu yake.

Haya, sikia. Kazi yetu ni kufuata. Mkalimani mzuri huwa nyuma ya msemaji kwa nusu sentensi, kama mtu anayembebea mwenzake mkoba: hampiti, hampotezi. Tarehe kumi na mbili Februari ilikuwa siku ya hotuba za kuunga mkono azimio la Mfadhili. Alianza mwakilishi wa visiwa fulani. Hotuba ndefu, tamu, inasema sisi tunaoishi kwa fadhila za bahari tunajua thamani ya jirani mkubwa. Nikaitafsiri. Akafuata mwakilishi wa nchi ya milima, nchi isiyopakana hata na ziwa, akasoma hotuba ile ile, neno kwa neno, na bahari yake. Hata jasho halikumtoka. Nikaitafsiri tena. Wa tatu alikuwa Balozi wetu.

Mwanangu, mdomo ni kama punda wa sokoni, ukipita njia moja mara mbili, ya tatu unakwenda wenyewe. Balozi alipofika katikati alisimama anywe maji. Mimi sikusimama. Nilikwenda sentensi ya kwanza, ya pili, mpaka ile ya mwisho inayomsifu Mfadhili kwa unyenyekevu, na wote waliokuwa wakinisikiliza masikioni wakapiga makofi, Balozi angali na glasi mdomoni. Akadhani wamempigia makofi kwa kunywa maji. Akaweka glasi, akainama, kisha akaanza kusoma yale ambayo ukumbi ulikwisha kuyasikia.

Waliocheka kwanza ni Wazee. Walicheka mpaka viti vya ngozi vikalia. Usidhani walikuwa na haki. Na wao kwa miaka yote hiyo waliwaandikia wanyonge hotuba, nami nilizitafsiri. Ila wao walikuwa na adabu ya kubadilisha maneno kidogo kwa kila mtu. Hiyo ndiyo tofauti ya enzi moja na nyingine niliyoweza kuiona kutoka kibandani kwangu.

Balozi ameniletea karatasi. Inasema mtambo uliharibika ukatoa sauti ya hotuba iliyotangulia. Nikitia sahihi, narudi kazini. Sijatia. Nimemwambia mitambo yote ni mizima isipokuwa mmoja, nao una tai shingoni.

Nilisema risala yako haina kosa kwa sababu aya yake ya pili nimeshaisema mara tatu asubuhi moja. Wamewaondolea ninyi bahari, wakaweka ukumbi. Isome. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini inaweza kukuvusha mto. Wewe si Balozi, wewe unatafuta shule.

Shangazi yako.


30 Aprili

Binti yangu,

Naandika kabla hujajibu. Hamjambo nyote? Mimi mzima.

Jana Balozi aliniita. Alinikaribisha chai, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sita. Mezani kwake kulikuwa na orodha ya wasichana watakaokwenda kusoma kwa Mfadhili, maana ni yeye anayeiidhinisha. Jina lako liko juu. Akasema, "Huyu si mtoto wa kaka yako? Msichana mwerevu. Ingekuwa hasara." Akakoroga chai isiyo na sukari.

Mtambo uliharibika. Nimetia sahihi. Jumatatu narudi kibandani. Usimwambie Bibi, na wewe usiniulize. Tabasamu zote saba, hata nane ukiweza.

Shangazi yako.


12 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Bibi anakuombea koo ambalo halikuumi. Baba amemaliza soketi zote, ya thelathini aliimaliza asubuhi ya sherehe wageni wakiwa getini.

Barua yako ya Balozi na maji niliipata siku mbili kabla. Niliisoma mara nyingi. Kwanza nilicheka, kisha nikafikiria kuwa umekaa nyumbani unasikiliza tarumbeta kwa sababu hukutaka kusema uongo, na mimi niko hapa nafanya mazoezi ya macho. Uliniambia niisome. Nilikusudia kuisoma. Naomba uamini hivyo.

Mgeni rasmi alikaa mbele. Amekuja na kiti chake, Shangazi, cha kukunjwa, kina mto. Pembeni yake alikaa mkalimani wake, dada mmoja kijana mwenye daftari, na mbele yake risala yangu ikiwa imekwisha kutafsiriwa kwa lugha yao. Niliiona. Alikuwa ameikunja, hakuhitaji hata kunisikiliza. Nilipofika kwenye maikrofoni nikamwona mgeni naye anayo nakala, na yuko ukurasa wa pili.

Nikasema, "Mgeni rasmi, risala unayo mkononi, maana ilitoka ofisini kwenu. Sitakupotezea muda kukusomea maneno yako mwenyewe. Nina machache ya kwangu. Asante kwa paa, halivuji. Soketi mlizoleta zimeng'olewa na baba yangu, yule pale mlangoni, na siku nyingine mkimuuliza kabla atawaambia bure. Ramani yenu imetukata, tunaomba fremu kubwa zaidi. Na tunaomba mwalimu wa lugha yenu, ili tukiambiwa tushukuru tujue tunashukuru nini."

Dada wa daftari aliniangalia. Kisha akamwinamia mgeni sikioni akamwambia maneno manne. Niliyahesabu. Mgeni akatabasamu, akapiga makofi, na ukumbi wote ukafuata, mkuu wa shule akipiga kuliko wote huku macho yake yakiniambia mengine.

Baada ya hapo mkuu aliniita ofisini, Baba akiwapo na bisibisi yake mkononi. Mkuu akasema, "Mzee, mtoto wako ametuaibisha mbele ya dunia."

Baba akasema, "Mbona dunia imepiga makofi?"

Mkuu akapanga kalamu zake. Asubuhi iliyofuata orodha ilibandikwa. Jina la kwanza ni la Redio. Alinijia analia, nikamwambia anyamaze, maana sikumwachia kitu kibaya. Ila nilipobaki peke yangu nililia na mimi, Shangazi. Nilikuwa nimeshajua hata rangi ya sanduku nitakalobeba.

Usinikasirikie sana.

Binti wa kaka yako.


27 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe thelathini imefika leo, imenikuta nimeshakosa kile ulichokilipia. Salamu za nyumbani nitakuandikia siku nyingine, leo siwezi.

Umeniambia nisikuulize, kwa hiyo siulizi, nasema. Ulitia sahihi kwa ajili yangu, nami nikaiweka risala chini kwa ajili yako, na kati yetu sote wawili aliyepata faida ni Balozi. Sasa hana cha kukutisha. Jina langu limekwisha futwa.

Kuna jambo jingine, na nakuomba radhi kabla ya kulisema. Wewe umemdharau Mfadhili hata lugha yake hukutaka kuisikia. Uliwahi kumwambia Baba kuwa huna nafasi kichwani ya kumwekea tajiri mpya. Mimi nayafikiria yale maneno manne kila siku. Ungekuwapo ukumbini, mkalimani wa miaka kumi na tisa, usingeweza kuniambia ni yapi. Dharau haikukukinga na kitu, ilikuziba masikio tu.

Mwalimu wa jiografia amepata kitabu cha lugha ile, kimechanika jalada. Tuko wasichana sita, tunajifunza saa ya michezo chini ya ile ramani. Mwalimu mwenyewe yuko mbele yetu kwa somo moja tu.

Binti wa kaka yako.


20 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Hamjambo.

Nilikuchukia kwa siku mbili, siku ya tatu nikapika, nikala, nikaenda kwa Balozi. Nilimwomba karatasi yangu. Akasema imeshakwenda kwenye faili na faili halirudi nyuma. Nikaomba kalamu, nikaandika nyingine palepale juu ya meza yake: "Mtambo ulikuwa mzima, nami nilikuwa mzima. Nilimtangulia msemaji kwa sababu hapakuwa na msemaji." Nikapeleka nakala kwa kila kibanda, lugha sita, na kila mwenzangu akaipitisha kwa lugha yake. Kufikia mchana hata Wazee walikuwa wameisoma, na safari hii hakuna aliyecheka, maana hawakujua inayofuata itamtaja nani. Azimio lilipita wiki hiyo hiyo, bila Mzee hata mmoja kusema hapana. Mfadhili amepata kiti chake cha ngozi, na Wazee wamesogea kumpisha kama watu waliopanga hivyo tangu mwanzo.

Mkataba wangu hautaongezwa. Nitafika nyumbani wiki ya pili ya Julai. Mwambie Bibi wewe mwenyewe, mimi simwogopi Balozi lakini yeye namwogopa.

Kuhusu yale maneno manne: sijui. Nimekaa na neno hilo jioni nzima na halijaniua. Mwambie mwalimu wako aniwekee nafasi saa ya michezo. Nitakaa nyuma, na nitauliza maswali.

Shangazi yako.